Tufungue Sampu Wenyewe, au Tumwite Fundi?

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo, Ngarenaro, Arusha)



Leo sikuja kufundisha herufi. Herufi mnazijua. Nimekuja tuzungumze juu ya injini.

Juzi nilitembelea kikundi cha akina mama kwenye mteremko wa Mlima Meru. Wana mashine ya kusaga mahindi, inayoendeshwa na injini ya dizeli. Niliwakuta wanabishana. Oili ya injini ilikuwa nyeusi na nzito kama uji. Fundi alisema sampu isafishwe, akataja ujira wake.

Mama mmoja akasema, "Fedha hiyo ni madaftari ya watoto. Tufungue wenyewe."

Mzee anayelinda mashine akasema, "Mkiiharibu, mtabeba mahindi kichwani mpaka kijiji cha pili."

Wote wawili walisema kweli. Wakanigeukia, "Mwalimu, wewe wasemaje?"

Haya, sikilizeni niliyowajibu.

Sampu ni bakuli la oili lililo chini ya injini. Oili hutoka humo, ikapita kwenye vyuma vinavyosuguana, kisha ikarudi. Inarudi na masizi na unga wa chuma. Oili isipobadilishwa kwa muda mrefu, uchafu huo hutuama ukawa tope. Tope likiziba njia ya oili, vyuma husuguana vikavu. Hapo injini hunoki, na gharama yake ni kubwa.

Kwa hiyo kusafisha ni lazima. Swali ni nani asafishe. Msijibu kwa hasira wala kwa uchoyo wa fedha. Jiulizeni maswali manne.

Swali la kwanza: Tope hilo linasema nini? Mwaga oili kwenye beseni uitazame. Ikiwa nyeusi tu, ni uchafu wa kawaida. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Ukiona vipande vya chuma vinavyong'aa, huenda beringi inakwisha. Katika hali hizi mbili za mwisho, kusafisha sampu hakuponyi ugonjwa. Simamisha kazi, mwite fundi.

Swali la pili: Sampu yenyewe imefungwaje? Injini nyingine za mashine zina mlango pembeni. Ukifungua mlango huo, mkono unaingia na tambara. Kazi hiyo mtu makini anaiweza. Lakini injini nyingine, hasa za magari, bakuli limefungwa chini kwa boliti nyingi. Pengine hata injini yenyewe lazima inyanyuliwe. Hiyo si kazi ya nyumbani. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Jeki huteleza, na gari halina huruma.

Swali la tatu: Vifaa vipo? Mnahitaji spana inayokaa sawasawa, gasketi mpya, oili ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini, na matambara safi yasiyotoa nyuzi. Nyuzi za tambara nazo huziba njia ya oili. Kama gasketi mpya hamna, msifungue. Injini iliyofunguliwa kisha ikakaa wazi huingiwa na mchanga.

Swali la nne: Tukikwama, tutafanyaje? Hapo niliwasimulia kisa changu. Siku moja nilibadilisha oili ya pikipiki yangu. Nikajidai fundi, nikakaza boliti ya chini kwa nguvu zote. Nyuzi zikakatika ndani. Oili ikavuja njiani, nikaisukuma pikipiki mpaka hapa Ngarenaro. Fundi alinicheka, kisha akachonga nyuzi mpya. Nililipa zaidi ya ujira nilioukimbia. Boliti haikazwi kwa hasira, jamani.

Injini ya wale akina mama ina mlango pembeni. Oili yake ilikuwa nyeusi tu. Gasketi ilipatikana. Basi wakakubaliana: safari hii fundi asafishe, na wawili wao washike spana naye, wajifunze. Safari ijayo watafanya wenyewe, fundi aje kukagua tu. Mzee aliridhika. Yule mama naye aliridhika, maana ujira ule sasa umenunua na ujuzi.

Siku ya kazi, kumbukeni haya. Zimeni injini, fungeni njia ya dizeli, ondoeni mkanda. Oili iwe na uvuguvugu ili itoke vizuri, lakini isiwe ya kuunguza. Msioshee kwa petroli. Mvuke wake hushika moto kwa cheche moja tu. Hesabuni matambara kabla na baada, lisibaki hata moja ndani. Mkimaliza, tieni oili mpaka alama ya kijiti cha kupimia. Zungusheni injini kwa mkono kwanza. Kisha iwasheni bila mzigo, mtazame kama inavuja.

Na oili chafu je? Msiimwage mtaroni wala shambani. Ina sumu, na ikikaa kwenye ngozi mara kwa mara hudhuru. Itieni kwenye dumu lenye kifuniko, muwapelekee wanaokusanya oili chafu. Mito yetu inateremka kutoka Meru, na wenzetu wa bondeni wanainyweshea mifugo. Kwa Kimaasai, engare ni maji, na narok ni nyeusi. Jina hili la maji meusi tumelikuta. Tusilitimize kwa oili.

Jambo la mwisho ndilo lenu hasa, wanakisomo. Wekeni daftari. Andikeni tarehe ya kubadilisha oili, kiasi kilichotiwa, na saa injini inazofanya kazi kila siku. Tope lile lilijaa kwa sababu hakuna aliyekumbuka oili ilibadilishwa lini. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Kalamu hiyo mkononi mwenu ni spana ya kwanza.

Maswali ya kuzungumza kikundini:

1. Injini ya kijiji chenu ilibadilishwa oili lini? Nani ameandika?
2. Kazi gani mnaiweza wenyewe, na ipi ni ya fundi?
3. Oili chafu mnaipeleka wapi?