Usalama na Utunzaji wa Bomba la Draya Nyumbani
Mada kwa semina ya familia zinazozungumza Kiswahili nchini Marekani

Utangulizi



Wengi wetu tumekulia Uvira, Kigoma, Bujumbura au Mombasa, ambako nguo huanikwa kambani na jua likamaliza kazi. Hapa Marekani tumekuta mashine ya kukaushia nguo, yaani draya, imo ndani ya nyumba. Tulionyeshwa kitufe cha kuiwashia, lakini bomba lililo nyuma yake hatukuelezwa. Mada hii inahusu bomba hilo.

Kwa takwimu za miaka ya 2008 hadi 2010, mamlaka ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia masuala ya moto ilikadiria matukio 2,900 ya moto wa draya majumbani kila mwaka. Kila mwaka watu 5 walikufa, 100 walijeruhiwa, na mali ya dola milioni 35 ilipotea. Chanzo kikuu, kwa asilimia 34, kilikuwa kutosafisha mashine. Moto huo uliongezeka majira ya baridi na kufikia kilele mwezi Januari.

1. Moto huanzaje

Draya huvuta hewa ya chumbani, huipasha joto na kuipitisha kwenye nguo zinazozunguka, kisha feni huisukuma nje pamoja na unyevu. Nguo zikisuguana hutoa nyuzinyuzi. Chujio hunasa sehemu tu. Nyingine huingia bombani au kuangukia ndani ya mashine, karibu na kipasha joto. Unyevu huzigandisha kwenye kuta za bomba hadi njia ikawa nyembamba. Hewa ya moto ikikosa pa kutokea, joto hupanda. Mashine ina vifaa vya kuzuia joto lisizidi, lakini navyo huharibika. Nyuzinyuzi kavu za pamba hushika moto upesi, na feni huweza kuusukuma moto huo hadi bombani.

Kwa draya ya gesi kuna hatari ya pili: bomba likiziba, kaboni monoksidi hurudi ndani. Hiyo ni sumu isiyo na rangi wala harufu, na inaua.

2. Bomba linalofaa

Bomba liwe la bati gumu, laini kwa ndani, lenye kipenyo cha inchi 4. Kanuni za ujenzi wa makazi zinazofuatwa katika majimbo mengi huweka kikomo cha futi 35, na kila kona ya nyuzi 90 kwa kawaida hupunguza futi 5 katika kikomo hicho. Bomba la plastiki halifai kabisa kwa sababu huungua, na lile la foili nyembamba hunasa nyuzinyuzi kwenye mikunjo yake. Skrubu ndefu zinazochomoza ndani hunasa vilevile.

Bomba liishie nje ya nyumba, si darini wala chini ya sakafu. Mdomo wake uwe na kifuniko kinachofunguka hewa inapotoka, bila wavu, kwa kuwa wavu huziba. Kuchomoa bomba ili joto libaki ndani wakati wa baridi ni hatari: huleta ukungu ukutani, na kwa draya ya gesi huleta sumu.

3. Dalili za bomba lililoziba

Nguo hazikauki kwa mzunguko mmoja. Mashine au nguo huwa za moto kupita kawaida. Chumba hujaa unyevu, au hunuka kuungua. Kifuniko cha nje hakifunguki draya ikifanya kazi. Harufu ya kuungua ikitokea, zima mashine na usiiwashe tena kabla haijakaguliwa.

4. Utunzaji

Safisha chujio kila unapokausha nguo, na usiwashe draya bila chujio. Angalau mara moja kwa mwaka, bomba lote lisafishwe kwa brashi ndefu na mashine ya kufyonza vumbi, umeme ukiwa umekatwa. Draya ya gesi mwachie fundi. Baada ya theluji kubwa, hakikisha mdomo wa bomba haukuzikwa. Majira ya joto, angalia viota vya ndege.

Vitambaa na aproni zilizolowa mafuta ya kukaangia mandazi au sambusa zisiingie kwenye draya. Mafuta hubaki hata baada ya kufua, na nguo za moto zilizorundikwa huweza kujiwasha zenyewe.

Usiiache draya ikifanya kazi mkiwa mmelala au mmetoka. Moto ukiwaka ndani yake, usifungue mlango wake: toeni watu wote nje, kisha pigeni 911.

5. Mapendekezo

Mpangaji asafishe chujio na kuripoti dalili kwa maandishi, akitunza nakala. Mwenye nyumba aulizwe bomba lilisafishwa lini. Vijana wetu wanaojua Kiingereza wawasaidie wazazi kuandika barua hizo. Kila nyumba iwe na king'ora cha moshi kinachofanya kazi, na yenye vifaa vya gesi iongeze king'ora cha kaboni monoksidi.

Hitimisho

Kusafisha chujio peke yake hakutoshi. Njia yote ya hewa lazima iwe wazi hadi nje. Nawaombeni, wiki hii kila familia iwashe draya, itoke nje na kutazama kifuniko. Kama hakifunguki, zimeni mashine na mwiteni fundi.