Sinema Haiishii Kwenye Kamera
(Mada iliyotolewa kwa wanakamati wa parokia na wafadhili)



Vikundi vya vijana hutuletea maombi ya fedha za kutengeneza sinema. Bajeti huorodhesha kamera, nauli na chakula cha waigizaji, kisha huishia hapo. Leo tuangalie sinema moja ya mashaka, ile inayomtia mtazamaji hofu kwa kumchezea akili, ili tuone kazi yote ilivyo. Ni Psycho ya mwongozaji Alfred Hitchcock, iliyotoka Marekani mwaka 1960.

Kwanza, fedha. Hadithi ilitokana na riwaya ya Robert Bloch ya mwaka 1959. Kampuni ya Paramount haikuipenda, ikakataa kutoa bajeti ya kawaida. Hitchcock akaigharamia kupitia kampuni yake mwenyewe na akaacha ujira wake wa uongozaji. Kwa kuwa alibeba hatari hiyo, alipata asilimia 60 ya umiliki. Paramount ikabaki na kazi ya kusambaza.

Pili, utengenezaji. Gharama zilikuwa kama dola 800,000. Ili kubana matumizi, alitumia mafundi wa kipindi chake cha televisheni, na picha zikawa nyeusi na nyeupe. Lakini hakubana kila mahali. Mauaji ya bafuni, yasiyofika dakika 1 kwenye sinema, yalichukua siku 7 kupigwa picha. Muziki wa Bernard Herrmann ulipigwa kwa ala za nyuzi tu, na hofu kubwa ya watazamaji imetokana na sauti ile.

Tatu, usambazaji. Mhusika aliyeigizwa na Janet Leigh anauawa kabla sinema haijafika nusu. Siku hizo watu walizoea kuingia ukumbini wakati wowote, na aliyechelewa angekaa akimsubiri bure. Kwa hiyo wenye kumbi walitakiwa wasimruhusu mtu yeyote kuingia baada ya sinema kuanza. Wachambuzi wa magazeti nao hawakuoneshwa mapema. Siri ikalindwa, foleni zikarefuka, na mapato yakazidi gharama mara nyingi. Hitchcock alitajirika kwa ile sehemu yake ya umiliki.

Ndugu zetu, ombi la sinema likifika mezani tuulize mambo mawili. Je, fedha za kuifikisha kwa watazamaji zimetengwa? Na je, sinema itakuwa mali ya nani? Kijana anayemuuzia msambazaji haki zake zote kwa malipo ya mara moja hatapata kitu tena, hata kama sinema itaoneshwa miaka kumi. Jasho ni lake, mavuno ni ya mwingine. Mfadhili naye atakuwa amechangia mavuno hayo bila kujua.

Basi tusipitishe ombi lisilojibu maswali hayo. Kamera tunaweza kuazima, lakini haki ikishauzwa ni vigumu kuirudisha.