Kuikaribisha Mvua: Bustani ya Nyumbani katika Kitale na Bungoma



Katika nchi za Ulaya mwaka hufufuka mwezi wa Machi, theluji inapoyeyuka na miti iliyokuwa mitupu inapoanza kuchipua. Watu wa huko hutoka nyumbani kwa furaha wakatengeneze bustani zao. Katika Kitale na Bungoma hakuna theluji, lakini furaha ya namna hiyo ipo, nayo huja na mvua. Tangu Desemba hadi Machi jua huwaka, majani hukauka, na vumbi la barabarani hufunika nyua za nyumba. Kisha alasiri moja mawingu hukusanyika juu ya Mlima Elgon, upepo wa baridi huvuma, na harufu ya udongo uliolowa huwajulisha watu wote, wakubwa kwa wadogo, kwamba mwaka wa mkulima umeanza.

Siku hiyo kila mtu huyakumbuka mahindi, na ni haki yake, kwa kuwa Trans Nzoia na Bungoma zimelilisha taifa kwa miaka mingi. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na katika kituo cha utafiti cha mji huo huo wataalamu waliunganisha mahindi ya Kitale na mahindi yaliyotoka Ecuador, wakapata mbegu ya H611 iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1964. Mbegu hiyo na zile zilizoifuata ziliongeza mavuno kupita yale waliyoyazoea wazee.

Lakini mahindi hayana haraka. Mji wa Kitale uko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na baridi ya mahali palipoinuka huyafanya yakue polepole. Mbegu za nyanda za juu huchukua miezi 6 hadi 8, hata yaliyopandwa mwisho wa Machi huvunwa Oktoba au Novemba. Bungoma, iliyo karibu mita 1,400, ina joto zaidi, na mavuno yake hutangulia. Hata hivyo, pande zote mbili kuna nyumba nyingi ambazo ghala huanza kuonekana sakafu mwezi wa Mei au Juni, wakati mahindi mapya yangali machanga shambani. Hapo ndipo mama wa nyumba huupima unga kwa macho kabla ya kuutia sufuriani. Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema wahenga. Yafaa basi kila nyumba iwe na kitu cha kuliwa katika miezi hiyo ya kungoja, na kitu hicho ni bustani ya mboga.

Mboga za kienyeji ni hodari kwa kazi hiyo. Majani ya kunde huweza kuchumwa baada ya majuma matatu au manne tu. Mgagani, ambao wengi huuita saga, huwa tayari kwa majuma manne hadi sita. Mnavu na mrenda navyo havichelewi sana. Hivyo, mbegu iliyotiwa ardhini mvua inapoanza itakuwa chakula mezani kabla mahindi hayajafika kimo cha mtu. Wapishi wa Bungoma wanajua tangu zamani kwamba mrenda hupikwa pamoja na majani ya kunde, yakalainishwa kwa maji yaliyochujwa katika majivu ya maganda ya maharagwe. Na uchungu wa mgagani hupunguzwa kwa maziwa.

Kazi ya bustani huanza kabla ya mvua. Udongo hulimwa ungali mkavu, mizizi ya magugu ikatolewa juani, na samadi iliyooza vizuri ikachanganywa nao. Samadi mbichi huunguza miche. Mbegu za mnavu ni ndogo mno, kwa hiyo huchanganywa na mchanga au majivu ili zienee sawasawa, zikafunikwa kwa udongo mchache na nyasi nyembamba, nazo nyasi hizo huondolewa mara miche itokezapo. Mgagani hukatwa kichwa ungali mchanga ili utoe matawi. Na maua yake yakiondolewa mapema, majani huendelea kwa muda mrefu zaidi. Miche michache lakini yafaa iachwe ikomae, ipate kutoa mbegu za mwaka ujao bila kufungua mfuko wa fedha.

Mtu wa mjini asiseme kwamba hana shamba. Gunia lililojazwa udongo na samadi, likawekewa nguzo ya mawe madogo katikati ya kupitishia maji, huotesha sukuma wiki juu na ubavuni pia, kupitia matundu madogo. Gunia hilo hutosha nyuma ya chumba cha kupanga.

Mvua ni rafiki, lakini huwa adui ikikuta ardhi wazi. Maji ya Elgon na Cherangani huingia Mto Nzoia, ukapita Webuye, ukafika Ziwa Viktoria huko Budalang'i, mahali panapojulikana kwa mafuriko. Udongo uliochukuliwa kutoka shamba la mteremkoni husafiri na maji hayo, na aliyeupoteza hawezi kuufuata aurudishe. Mwaka 2024 mafuriko ya masika yaliua watu zaidi ya 200 katika Kenya, na tarehe 10 Mei mwaka huo ilifanywa siku ya mapumziko, ili taifa liwakumbuke waliofariki na kupanda miti. Jambo hilo la taifa lina sehemu yake katika kila boma: mistari ilimwe kukata mteremko, matuta yapandwe majani ya ng'ombe, na mipakani pawekwe miti. Lusiola, mti wenye maua ya manjano unaopendwa sana na Waluhya, hukatwa fito ukachipua tena. Mkaratusi nao usipandwe karibu na chemchemi, kwa maana hunywa maji mengi.

Tena si vema msimu huu upite katika kazi tupu. Watoto na wachukuliwe nje wakaone nchi inavyobadilika. Katika Jumba la Makumbusho la Kitale, lililofunguliwa mwaka 1974, kuna njia ya miguu ipitayo katika msitu wa miti ya asili. Mbele kidogo, upande wa Cherangani, iko Mbuga ya Taifa ya Saiwa, iliyotengwa mwaka huo huo wa 1974. Eneo lake halifiki kilomita tatu za mraba, nayo hutembelewa kwa miguu. Humo huishi nzohe, mnyama wa jamii ya paa mwenye kwato ndefu za kukanyagia matope, na wageni humtazama kutoka katika majukwaa yaliyojengwa kwa mbao. Kinamasi hicho kimezungukwa na mashamba ya watu. Mtoto akionyeshwa hayo ataelewa bila mahubiri kwamba jembe la jirani na maisha ya nzohe yamefungwa kwa maji yale yale.

Mvua haimngoji mtu. Mwenye nyumba na apime sehemu yake wiki hizi za jua, hatua kumi kwa tano zatosha kwa kuanza, akailime, akaitie samadi, akaweke mbegu mahali pakavu. Wingu la kwanza litakapotokea juu ya Elgon, kazi itakayobaki itakuwa kupanda. Na Juni itakapofika, sufuria haitakosa kitu.