Dau Hewa Mnadani

Msikilizaji, Mei 2000 mchoro mmoja uliwekwa kwenye mnada wa eBay, Marekani, kwa senti 25 tu. Dau likapanda hadi dola 135,805. Kumbe muuzaji, wakili Kenneth Walton wa California, alikuwa amejitilia dau mwenyewe kwa jina jingine. eBay ikafuta mauzo, na mwaka uliofuata akakiri kosa mahakamani. Yeye na wenzake walikuwa wakipandishiana bei kwa akaunti lukuki.

Mchezo huo haujafa. Kabla hujaongeza dau, fungua orodha ya madau. Majina yamefichwa, lakini mwenendo unaonekana: akaunti changa, karibu madau yake yote ni kwa muuzaji yuleyule, na haishindi hata siku moja. Huyo ni wa nyumbani kwa muuzaji, huyo!

Weka kiwango chako cha juu, kisha uachane na mnada huo. Ukishindwa, halafu ukaletewa ujumbe kwamba mshindi ameingia mitini na kwamba uchukue wewe kwa dau lako la mwisho, usikubali upesi. Huenda dau hilo ulisukumwa ulifikie. Namba ya bidhaa na akaunti unazozishuku zipeleke kwa wenye mtandao. Kugombana na muuzaji ni kumzindua tu.