Sufuria, Wimbo na Simu ya Mkononi

Leo nazungumza nanyi kutoka Kasense, mjini Sumbawanga. Kaeni vizuri, mfungue ukurasa huu. Anayesoma upesi amngojee mwenziwe, maana somo hili si la kukimbizana.

Mimi si fundi, wala si mwalimu wa muziki. Ni mtu tu anayependa vitu vipya. Nikisikia kuna chombo kipya dukani, sina raha mpaka nimekishika na kuuliza kinafanyaje kazi. Mke wangu husema nina ugonjwa wa vyombo. Mambo mawili hunifurahisha kuliko mengine yote: kupika, na kunasa sauti za nyimbo. Leo nitawaeleza yote mawili. Kisha nitawaambia kosa nililolifanya, ili nanyi msilifanye.

Tuanze jikoni. Nani kwetu asiyejua taabu ya maharage? Twayaweka motoni asubuhi, na jua likifika utosini bado ni magumu. Watu husema kuni ni mbichi, au maharage ni ya zamani. Pengine ni kweli. Lakini iko sababu nyingine. Sumbawanga iko juu, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi, haiyakandamizi maji kwa nguvu kama inavyoyakandamiza huko pwani. Kwa hiyo maji huwahi kuchemka. Dar es Salaam maji huchemka yakifika joto la digrii 100. Hapa kwetu huchemka kwenye digrii 94 hivi. Tena maji yakisha kuchemka hayazidi kupata moto, hata ukiongeza mzigo mzima wa kuni. Basi maharage yetu yanapikwa kwa joto dogo kuliko ya pwani. Ndiyo maana huchelewa kuiva.

Iko sufuria yenye kifuniko cha kukaza, ambayo wengi huiita presha kuka. Mvuke hauna njia ya kutoka, ila kwa tundu dogo lenye kizibo kizito. Mvuke ule huyakandamiza maji, na joto hupanda kupita digrii 110. Maharage huiva upesi, na kuni hubaki. Lakini jihadharini! Msifungue kifuniko kabla mvuke haujaisha wote. Mvuke huunguza vibaya kuliko maji.

Nilipoinunua sufuria hiyo nilifurahi kama mtoto. Kumbe furaha hiyo ndiyo iliyoniharibia kazi yangu ya pili. Nitawaelezeni.

Sauti ni nini? Weka mkono wako kooni, kisha ugune: mmmm. Unasikia kitu kinatetema? Mtetemo huo husukuma hewa, na hewa hulifikia sikio. Basi, kunasa sauti ni kuuwekea alama mtetemo huo mahali fulani, ili baadaye tuurudishe. Ni kama kuandika. Mwaka 1877 Mmarekani Thomas Edison alitengeneza chombo kilichochora sauti kwa sindano juu ya bati jembamba kama karatasi. Baadaye zikaja santuri. Kisha ukaja utepe wa plastiki, uliopakwa unga wa chuma, ndugu yake kutu. Wazee wa Ufipa walijua habari za chuma. Walijenga matanuri ya udongo marefu kupita kimo cha mtu, yaitwayo malungu, wakayeyusha mawe na kupata majembe. Nani kati yao angaliwaza kwamba iko siku chuma kingehifadhi hata wimbo?

Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na vyombo vyake, akinasa nyimbo na ala za watu, wakiwamo Wagogo. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Kiafrika huko Afrika Kusini, na nyimbo hizo zingali zinasikika. Nasi tulikuwa na redio yetu. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951. Baada ya uhuru, Redio Tanzania ilizinasa bendi nyingi katika studio yake, na tepu zake zilihifadhi muziki wa miaka mingi. Lakini siku hizo ilibidi uende studio, au studio ije kwako. Leo chombo kimo mfukoni mwako. Simu ya mkononi huipima sauti mara maelfu mengi kila sekunde, ikayaandika mapimo hayo kwa tarakimu. Ndiyo kusema kwamba simu nayo inajua kuandika na kusoma.

Sasa kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita mama yangu alikuja kutoka kijijini kukaa nasi. Akisaga ulezi huimba wimbo alioupata kwa mama yake. Nilimwambia, "Mama, niruhusu niunase." Akacheka, akasema, "Mwanangu, nase tu, lakini usiupeleke sokoni." Nikamwahidi. Nikaweka simu, naye akaimba wimbo wote. Baadaye nilipousikiliza, lo! Sikusikia mama, nilisikia maharage. Presha kuka ilikuwa motoni, nayo ilipiga ssss, ssss, tangu mwanzo hata mwisho.

Siku ya pili nikazima moto. Mama akaimba tena, na safari hii sauti ilitoka safi kabisa. Nikafurahi, nikaiweka simu mfukoni. Sikuandika jina la wimbo. Simu yenyewe iliupa namba tu, kama ilivyozipa namba sauti nyingine zote nilizonasa: jogoo, mvua juu ya bati, watoto wakicheza. Baada ya miezi michache simu ikajaa. Nikaanza kufuta namba moja moja, pasipo kuzisikiliza. Nikaufuta wimbo wa mama kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilipogundua, nilipanda gari kwenda kijijini. Nilimkuta mama ameugua, na kumbukumbu zake zimepungua. Alijaribu kuimba. Alifika katikati, akanyamaza. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, si nilikuimbia wote?" Sikuwa na jibu. Shangazi yangu aliyekuwa karibu akaongeza sehemu aliyoijua. Lakini kipande cha mwisho hakuna aliyekijua. Mpaka leo hatunacho.

Ndugu msomaji, sikukosa chombo, wala sikukosa ufundi wa kukitumia. Nilikosa neno moja la kuandika: MAMA. Wewe unayejifunza kusoma na kuandika sasa, usidhani kazi yako ni ndogo. Neno moja lililoandikwa lingaliuokoa wimbo mzima.

Basi, ukitaka kunasa sauti nyumbani, fanya hivi.

Kwanza, omba ruhusa. Mwulize mwenye wimbo kama unaweza kuwapa wengine wausikie. Akikataa, litii neno lake.

Pili, chagua mahali pa kimya. Ondoa sufuria motoni, zima redio, na uzuie simu isipigiwe. Chumba chenye blanketi na godoro ni kizuri, kwa sababu nguo hazirudishi mwangwi kama kuta tupu. Upepo wetu wa Juni na Julai huvuma sana, kwa hiyo usinase nje.

Tatu, weka simu mbele ya mwimbaji, shubiri mbili au tatu kutoka kinywani. Usiishike mkononi, maana vidole hukwaruza.

Nne, kabla ya wimbo, taja kwa sauti jina la mwimbaji, mahali, tarehe na kazi ya wimbo huo.

Tano, sikiliza yote kabla mwimbaji hajaondoka. Kama imeharibika, mwombe aimbe tena.

Sita, andika jina papo hapo, katika simu na katika daftari. Andika na maneno ya wimbo, hata kama utatumia siku tatu.

Saba, nakili. Weka nakala moja katika kadi, na nyingine kwa ndugu unayemwamini. Kitu kilichopo mahali pamoja tu ni kama hakipo.

Jioni ya leo, maharage yakisha kuiva na moto ukizimwa, mtafute mzee mmoja nyumbani kwako. Mwombe wimbo mmoja. Usingoje mavuno, usingoje sikukuu.



MASWALI

1. Kwa nini maharage huchelewa kuiva Sumbawanga kuliko Dar es Salaam?
2. Ni kitu gani kilichoharibu wimbo mara ya kwanza?
3. Msemaji alikosea nini mara ya pili?
4. Andika katika daftari lako jina la wimbo mmoja unaotaka kuuhifadhi, na jina la mtu anayeujua.