Mkataba Peke Yake Haumvushi Muuguzi

Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuwapeleka wauguzi wetu wasio na ajira kufanya kazi huko. Miezi michache baadaye, aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alifichua kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, ni 10 tu waliofaulu.

Hawa ni watu waliosomea uuguzi kwa Kiingereza na kujaza mafaili ya wagonjwa kwa Kiingereza. Lakini mtihani wa Kiingereza wa IELTS unawadai alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Ukivuka hapo, kuna mtihani wa nadharia kwenye kompyuta, kisha wa vitendo, unaofanyiwa Uingereza kwenyewe. Kila hatua ina ada yake. Asiye na mshahara azitoe wapi?

Kumlinda mgonjwa kwa mitihani hiyo ni haki. Ila serikali yetu iliyotia saini isimtwishe muuguzi mzigo wote. Igharimie maandalizi ya mitihani hiyo, na wanaobaki iwaajiri. Wodi zetu nazo zinawahitaji.