KUISAIDIA KWAYA YA MJI WETU
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Tunduma)



Twashukuru kupewa nafasi ya kusema maneno machache juu ya jambo ambalo wengi hulidhania kuwa dogo, yaani kujiunga na chama cha wasaidizi wa kwaya ya mji wetu. Tutaeleza mambo matatu: kwaya yatufaa nini, kazi ya msaidizi ni ipi, na ni hatari gani yatupasa kujihadhari nazo.

Kwanza tuutazame mji wenyewe. Tunduma ni mji wa wapitaji. Barabara kuu ya kwenda Zambia yapita katikati yake, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, yavuka mpaka hapa ikielekea Kapiri Mposhi. Tangu mwaka 2019 kituo cha pamoja cha mpakani kimefunguliwa ili kurahisisha uvukaji, lakini tabia ya mji haikubadilika: mtu hulala hapa leo, kesho hayupo. Nasi watumishi wa Serikali tu wapitaji vivyo hivyo. Barua ya uhamisho ikifika, twafunga mizigo. Katika mji wa namna hii ni rahisi jirani asimjue jirani. Kwaya ni mojawapo ya vitu vichache vinavyowaweka pamoja Mnyiha, Mnyamwanga, Mndali na mgeni wa mbali, wakasimama safu moja na kuimba kwa sauti nne.

Tena tufikiri habari ya msiba. Mgeni akifariki hapa, na jamaa zake wako mwendo wa siku mbili, ni nani atakayesimama kaburini? Ni vijana wa kwaya, waliofunga vibanda vyao na kupoteza chumo la siku ile ili mtu wasiyemjua asizikwe kimya. Mabwana, mgeni huyo aweza kuwa mmoja wetu. Basi si haki vijana hao watoe sauti zao, na nauli watoe wao, na sare wanunue wao, nasi tukae vitini kupiga makofi tu.

Jambo la watu wa kalamu kujiunga kwa faida ya wote si geni katika nchi hizi. Hapo ng'ambo ya mpaka, Mwenzo, walimu na makarani waliosoma misheni, akina Donald Siwale na David Kaunda, walianzisha chama cha ustawi mwaka 1912, kikafufuliwa mwaka 1923. Huko Tanga, mwaka 1922, Martin Kayamba na wenzake waliunda chama cha watumishi Waafrika wa Serikali, Waislamu na Wakristo pamoja. Na Unguja, chama cha muziki cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kimeishi zaidi ya miaka mia kwa nguvu za wanachama wake. Muziki haudumu kwa sauti nzuri peke yake. Hudumu kwa watu wanaoutunza.

Sasa, kazi ya msaidizi. Kazi yake si kuimba. Hata mwenye sauti ya chura asiogope kuandika jina lake. Atatoa ada, atahudhuria kwaya inapoimba, na atasaidia kwa kalamu: kunakili nyimbo na noti zake, kuandika barua za kuombea ukumbi, kushika daftari la fedha. Kwa ada, twashauri Shs 2,000 kwa mwezi. Wakipatikana watu 30, hizo ni Shs 60,000 kila mwezi, na Shs 720,000 kwa mwaka. Haba na haba hujaza kibaba. Fedha hizo hazitanunua kila kitu, lakini zitasaidia nauli za misibani na matengenezo ya kinanda.

Tatu, hatari. Ya kwanza ni msaidizi kujifanya bwana wa kwaya. Nyimbo ni kazi ya mwalimu wa kwaya, wala kutoa fedha hakumpi mtu ruhusa ya kuchagua mwimbaji au kuchukua kwaya kwenye mikutano ya siasa. Ya pili ni fedha zisizo na hesabu. Daftari lisomwe mbele ya wote kila miezi mitatu, na fedha zisitoke bila saini za watu wawili. Ya tatu ni mashindano ya fahari. Wakati wa ukoloni ngoma ya beni ilikuwa na vyama vyake, Marini na Arinoti, vikishindana kwa mavazi na karamu, na fedha nyingi ziliishia huko. Sisi tusinunue sare mpya kwa sababu kwaya ya mtaa mwingine imenunua.

Ya nne ndiyo kubwa kwetu, nayo ni uhamisho. Chama kinachomtegemea mtu mmoja huondoka naye. Karani akihamishwa haondoki ofisini pasipo kukabidhi funguo, majalada na hesabu. Mbona katika mambo ya hiari twaondoka bila kuaga? Twaomba iwe kanuni: msaidizi anayehama akabidhi daftari kwa mwenzake mbele ya mashahidi, na kabla ya kuondoka amlete mtu mmoja kushika nafasi yake. Kwa njia hiyo wapitaji waweza kujenga kitu kisichopita.

Wala mtu asidhani kwamba kwa kujiunga anabadili dini yake. Anasaidia majirani zake, basi.

Hayo ndiyo machache tuliyokuwa nayo. Atakayependa kuandikisha jina lake amwone Katibu baada ya mkutano huu, na mwenye neno la kutusahihisha twamkaribisha aseme.